Jogoo Aliyepewa Chumba cha Wageni

Hadithi iko bandani!
— Ifungulie itoke!
Ikikimbia je?
— Tutaikamata!

Hapo kale, ng'ambo ya mto usio na daraja, aliishi mjane jina lake Nyamizi. Ng'ombe hana, mbuzi hana, ana kuku. Kuku ndio waliomlisha tangu mumewe azikwe, kuku ndio waliomvisha, kuku ndio waliomsitiri asigonge milango ya watu.

Siku moja akaja mkwe wake, Bi Milembe, mama wa mume wa binti yake, na jogoo mwekundu kwapani. Huko kwao, jogoo wa ukweni hufunguliwa kamba papo hapo, mbele ya aliyemleta, aingie kundini. Ukimtenga, umesema undugu huu huutaki. Na ndoa changa, wenzangu, imewahi kuvunjika kwa jambo dogo kuliko jogoo.

Nyamizi akampokea kwa mikono miwili, akamtazama. Mbawa zimelegea. Macho yanafumba mchana kweupe. Chini ya mkia, kinyesi cha kijani. Alishaona kideri, ugonjwa wa kuku, kikifagia mabanda ya kijiji kizima, nacho kilianza hivyo hivyo. Akimfungulia, kuku wake wataisha. Asipomfungulia, mwanawe atarudishwa nyumbani. Nyinyi mngefanyaje? Msinijibu, hamkuwapo.

Nyamizi akapiga kigelegele. "Mkwe wangu, jogoo wa heshima namna hii nimlaze na hawa washamba wangu? Huyu ni mgeni. Mgeni hupewa chumba."

Akampeleka kibanda cha kuni, mbali na kuku wake. Akampa bakuli lake, maji yake, mtama wake. Kila akitoka humo alinawa mikono kwa sabuni, akasugua na miguu. Bi Milembe alifurahi mno, hajaona jogoo akitukuzwa hivyo.

Siku ya kwanza akauliza, "Mgeni mwenzangu hajambo?" Akaambiwa amechoka na safari. Siku ya pili akauliza, "Mgeni mwenzangu hajambo?" Akaambiwa chakula hakimpiti. Siku ya tatu hakuuliza. Alikwenda mwenyewe, akamkuta shingo imepinda, amekufa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyamizi alilileta jembe kweli, akaanza kuchimba shimo refu. Bi Milembe akanong'ona kwamba ni heri nyama wagawiwe majirani kuliko ipotee bure.

"Tukigawa nyama, tumegawa manyoya na matumbo," Nyamizi akasema. "Tumegawa na kideri chenyewe."

Bi Milembe akatazama shimo, akatazama kuku wanaoparua uani wazima, akaelewa. "Ulijua tangu siku ile."

"Nilijua, mkwe wangu."

"Na hukunitia aibu." Akamshika mikono, akashukuru, akashukuru tena, mpaka sauti ikamkauka.

Aliporudi kwake alikuta banda kimya. Hakubaki hata kifaranga. Akawazika wote, akachoma matandiko, akasugua banda, akaliacha tupu likipigwa na jua mwezi baada ya mwezi. Ndipo Nyamizi akavuka mto na mitetea wawili, wanene, macho maangavu. Watu wa ukweni wakakusanyika kuona wakifunguliwa kamba, kama ilivyo ada.

Bi Milembe akawapokea kwa mikono miwili. "Asante, mkwe wangu. Umenirudishia banda. Lakini hawa ni wageni, kwanza wakalale chumbani kwao."

Watu wakaguna, wakamtazama Nyamizi kuona kama amekasirika. Nyamizi machozi yalimtoka kwa furaha. Akapiga kigelegele, na safari hii hakikuficha kitu.

Hadithi yangu imerudi bandani. Aliye karibu na mlango aufunge. Na atakayenishukuru kwa kuku, asinune nikimlaza peke yake.