Jicho la Kiboko Dirishani

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na nini?

*Na waya mrefu.*

Umetoka wapi?

*Ukutani.*

Unakwenda wapi?

*Kwenye ngano.*

Basi uchomekeni, nami niwashe.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikwisha fika, palikuwa na Sange. Sange ni mnyama mdogo, ana pua ndefu na miguu kama njiti. Alikuwa na kibanda sokoni, kando ya mto, na ndani ya kibanda mlikuwa na kompyuta moja, printa moja na watoto sita. Wanyama walikuja kuchapiwa barua na kupigwa picha, na watoto sita wakala.

Jirani yake alikuwa Kiboko. Banda la Kiboko lilikuwa kubwa mara nane ya kile kibanda, na kompyuta anayo. Lakini Kiboko akiona cha mwenzake, chake hakimshibishi. Siku moja akaenda kwa Bi Mbuni, mwenyekiti wa soko.

"Kibanda cha Sange nakitaka," akasema. "Kiangazi kinakuja, kila mnyama atahitaji kadi ya zamu ya maji. Kazi kubwa hiyo. Haimfai mwenye pua kama mrija."

Bi Mbuni akanyoosha shingo, akatoa hukumu. "Baada ya siku tatu mtachapa kadi nyote wawili, toka jua kuchomoza mpaka kuzama. Mashine itakayozimika, mwenyewe amwachie mwenzake nafasi. Isipozimika hata moja, tutafuata sheria ya soko."

Sheria ya soko ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua: wawili wakilingana, mwenye uzito zaidi ndiye mshindi.

Sange akaogopa. Yake kutozimika hakutoshi, lazima ya Kiboko izimike.

Bi Mbuni akaleta pawa saplai mbili mpya. Pawa saplai ni lile sanduku la bati ndani ya kompyuta, linalopokea umeme wa ukutani na kukigawia kila kifaa riziki yake. Moja ilibeba wati mia saba. Nyingine mia tatu na hamsini.

"Mkubwa kwanza," akasema Kiboko, akachukua ya mia saba.

"Haya," akasema Bi Mbuni. "Hizo hazibadilishwi. Vingine vya ndani, kila mtu aweke apendavyo."

Sange akarudi kibandani, akamwaga kokwa za ukwaju mezani. Kila kokwa ni wati tano. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote: kokwa kumi na tatu. Ubao unaobeba vyote: nane. Kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha, hiyo ndiyo mlaji: ishirini na nne. Diski: mbili. Feni mbili ndogo: kokwa moja zikagawana. Jumla arobaini na nane. Akaongeza theluthi yake, kumi na sita, maana mpishi asiyebakiza akiba huumbuka mgeni akija. Zikawa sitini na nne, na sanduku lake linabeba sabini. Zilizobaki zilikuwa sita. Akawapa watoto wachezee.

Kisha akahesabu ya Kiboko. Inakula kokwa themanini. Sanduku lake linabeba mia na arobaini.

"Haizimiki hiyo," akasema Sange, akasukuma sahani yake kando.

Hapo dirisha likaingia giza. Nje palikuwa pakavu na jua kali, ila dirisha limeingia giza. Lilikuwa jicho la Kiboko. Kiboko alikuwa anachungulia, na jicho lake moja lilitosha dirisha zima.

Sange akajifanya hajui. Akavuta kasha la vifaa vibovu, akatoa kadi ya picha iliyokufa zamani, akaichomeka kando ya ile nzima. Kacha!

"We Sange!" jicho likaita. "Mashine yako inakula wati ngapi?"

"Mia mbili na arobaini, mzee."

"Muongo! Mimi nina macho!"

Kiboko akaenda zake, gudu, gudu, gudu. Kwake akaweka kadi za picha tatu. Dirisha likapata mwanga. Sange akachomoa kadi mbovu, akairudisha kashani.

Siku ya pili dirisha likaingia giza. Sange akapanga diski tatu zilizokufa. Kacha, kacha, kacha!

"We Sange! Mashine yako inakula wati ngapi?"

"Mia mbili na arobaini, mzee."

"Muongo! Mimi nina macho!"

Gudu, gudu, gudu. Kwake akaweka diski sita. Sange akachomoa zake, akazirudisha.

Siku ya tatu dirisha likaingia giza. Sange akafunga feni nne ambazo hata waya hazina.

"We Sange! Mashine yako inakula wati ngapi?"

"Mia mbili na arobaini, mzee. Na wewe ujumlishe yako kabla ya kesho. Jumlisha vyote, kisha weka na akiba."

Kiboko akacheka mpaka ukuta ukatikisika. "Kujumlisha ni kazi ya wadogo. Mimi naongeza tu!"

Gudu, gudu, gudu. Kwake akaweka feni kumi, zenye taa. Sange akahesabu kokwa za Kiboko: mia na sabini na saba, kwenye sanduku la mia na arobaini. Siku hiyo alikula chakula chake akamaliza.

Jua likachomoza. Kompyuta zikawekwa ubavu kwa ubavu chini ya turubai. Ya Kiboko ikawaka nyekundu, ikawaka kijani, ikawaka buluu. Vuuuuu! Ya Sange ikawaka tu. Fiii.

Asubuhi walikuja digidigi wachache. Kazi nyepesi, hata kadi tatu za Kiboko husinzia. Vuuuuu, fiii. Kiboko akapiga miayo, akamuuliza Sange kama amekwisha kufunga virago. Sange alikuwa anatazama vumbi kwa mbali.

Saa sita wakafika nyumbu mia nne, wote wanataka kadi, wote wanataka picha. Kompyuta zikaanza kuchambua nyuso. Prosesa ya Kiboko ikaamka, kadi tatu zikaamka, diski sita zikaamka, zote zikanyoosha mikono kwa sanduku moja.

Tap!

Kiboko akabonyeza. Vuuu... tap! Akabonyeza tena. Vu... tap! Akabonyeza mara ya tatu. Kimya, na harufu ya kitu kilichoungua.

Fiii, ikasema ya Sange.

"Imezimika," akasema Bi Mbuni.

"Haiwezekani!" Kiboko akapiga kelele. "Yake imejaa vitu! Ifungueni!"

Wakaifungua. Kadi moja. Diski moja. Feni mbili.

"Mzee Kiboko," akasema Bi Mbuni, "hukumuuliza?"

"Nilimuuliza mara tatu."

"Akakudanganya?"

Uchungu ulimpanda Kiboko mpaka masikio yakasimama. "Aliniambia kweli," akasema.

Sange na watoto sita wakahamia banda kubwa, na kibanda wakabaki nacho. Kiboko akarudi mtoni. Lakini mtoni nako kiangazi ni kwa zamu, kwa hiyo jioni ile akapanga foleni, wa mwisho, nyuma ya nyumbu mia nne. Sange akampiga picha. Sura haikuenea kwenye kadi. Sange akajaribu, akajaribu, mwishowe akachapa jicho tu. Mlinzi wa maji akiiona kadi ile, haulizi ni ya nani.

Ngano yangu imefika ukutani. Ikiwa nzuri, iacheni iwake. Ikiwa mbaya, chomoeni waya.

Na funzo lake, watoto, lishikeni sana: jirani akikwambia hesabu yake, usimwamini hata kidogo. Nenda kachungulie mwenyewe, kama Kiboko.