Kava la Tairi na Kiti cha Mbele

Haya, mwenye kashata amalize kutafuna, mwenye usingizi ajisogeze ukutani. Hadithi hii ikiisha mtatakiwa hukumu, na hukumu haitolewi na mtu aliyefumba macho.

Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya kumi na tano, palikuwa na watu watatu waliojaliwa, kila mmoja na chake.

Wa kwanza ni Bi Mwanamvua, mama yake Hemedi. Huyu alijaliwa vidole. Sufuria la shughuli likiungua mpaka likawa jeusi ndani na nje, huletewa yeye, na akilirudisha unaweza kujitazamia wanja. Akipitisha kidole kwenye sahani yako atakwambia kama imeoshwa au imesuuzwa kwa uvivu. Wake za watu wa mtaa ule wakimwona anakuja kusalimia, walificha vyombo.

Wa pili ni Zaituni, mke wa Hemedi. Huyu alijaliwa macho. Kazi yake ilikuwa kutia rangi ukindu wa mikeka, na rangi yoyote utakayomwonesha, atakuchemshia ndugu yake. Bibi mmoja alimletea kipande cha kanga ya marehemu dada yake, kimechujuka kwa kufuliwa, akataka mkeka wa rangi ile ile. Alipoletewa mkeka, aliukalia akalia.

Wa tatu ni Fundi Sengasu, mpuliza rangi wa karakana ya barabara ya ishirini. Huyu alijaliwa mkono. Akishika bunduki ya rangi mkono hautetemeki wala hauna haraka, rangi inatua kama pumzi kwenye kioo. Maneno hana, hata salamu huitikia kwa nyusi. Mkewe kwao ni Pangani, kumbukeni hilo.

Na Hemedi mwenyewe? Hemedi alijaliwa gari.

Lilikuwa gari la kijani, fupi, limenyanyuka, limebeba tairi la akiba mgongoni. Juu ya tairi pana kava la plastiki ngumu, la duara, limepakwa rangi ya gari. Ukiliona kwa mbali utasema kawa la chakula limetundikwa. Dosari yake ilikuwa moja: mlango wa mbele wa abiria ulikufa kitasa cha nje. Atakayekaa mbele husimama akangoja, mpaka Hemedi ajinyooshe kutoka kwenye usukani amfungulie kwa ndani.

Na siku zote aliyefunguliwa ni Bi Mwanamvua. Zaituni, tangu aolewe miaka saba iliyopita, barabara zote za Tanga anazijua kwa kisogo cha mkwewe. Hajasema neno. Ila akiingia nyuma, mlango huufunga kwa nguvu kuliko unavyohitaji.

Sasa ikaja harusi. Binamu yake Hemedi alikuwa anaoa Pangani, msafara wa magari manane, na gari la Hemedi likachaguliwa kutangulia. Maana yake magari saba, pamoja na mpiga video, njia nzima watakuwa wanatazama mgongo wa gari lile na kava lake.

Bi Mwanamvua aliposikia Pangani, moyo ulimruka. Pangani ndiko alikoachwa. Aliondoka kule miaka thelathini na mbili nyuma, juu ya lori la nazi, kaegemea godoro lake, Hemedi mgongoni hana hata jino. Na mke aliyeletwa mahali pake, Bi Tunu, alitoka barazani kumuaga: "Shikilia vizuri, shoga, nazi zisikudondoke!" Baraza zima likacheka. Yule mume alishakufa. Bi Tunu yupo, baraza lipo, na barabara ya kuingilia mjini inapita pale pale. Bi Mwanamvua aliulizia, akaambiwa macho ya Bi Tunu yangali mazima. Akamshukuru Mungu.

Jumapili, siku sita kabla ya safari, Hemedi alikuwa akirudisha gari kinyumenyume uani, mama yake kasimama nyuma anamwongoza. "Njoo, njoo, njoo..." Mara pazia la jirani likafunuka, na aliyetoka mle ndani hakuwa mwenye nyumba. Bi Mwanamvua akageuza shingo apate kuviona viatu vya mtu yule. Mdomo ukaendelea wenyewe: "Njoo, njoo..."

Kraa! Ukuta.

Kava halikupasuka, lakini nusu nzima ya rangi iliruka, plastiki nyeusi ikabaki nje kama goti la mtu aliyeanguka.

"Nisamehe, mama," akasema Hemedi. "Sikutazama kioo."

"Uwe unatazama, baba," akajibu Bi Mwanamvua.

Zaituni akasema lipelekwe kwa fundi. Hemedi akalipeleka. Fundi Sengasu akanyoosha vidole vitatu.

"Siku tatu?" akauliza Hemedi.

"Wiki."

"Basi nitalipaka mwenyewe! Plastiki tu hii, si ubawa wa ndege."

Jumatatu akanunua kopo la rangi ya kupuliza, akalitikisa kama anapiga manyanga, akapuliza. Mpaka jioni kava linang'aa, Hemedi anapita mbele yake mara kwa mara kama mtu aliyejenga msikiti. Jumanne jua lilipopanda, rangi ikajikunja, ikaanza kubanduka yenyewe kama utando wa maziwa.

Bi Mwanamvua akapitisha kidole. "Hemedi, uliliosha?"

"Nililifuta."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa shati."

"Hili lina mafuta, tena ya miaka. Hapa hata chapati haigandi."

Akalichukua, akakaa kwenye kibao chake cha mbuzi, akachemsha maji, akashika dodoki na sabuni ya mche. Akaosha, akasuuza, akanusa, akaosha tena. Kisha akachukua msasa, akaenda nao mduara kwa mduara, polepole, hakuacha hata ukingo, mpaka uso wote ukapauka, ukigusa unakwaruza kidogo kama ulimi wa paka. "Haya," akasema, "sasa hata ukilipaka uji utashika."

Jumatano Hemedi akapuliza kopo la pili. Rangi ikashika, ukucha haukuiondoa. Lakini walipolifunga kwenye gari, jirani mmoja akasimama, akatazama, akauliza kwa upole, "Hemedi, hili kava umeliazima kwa nani?"

Maana kopo liliandikwa rangi ya gari, ila gari lilikuwa limeanikwa juani miaka kumi na moja. "Gari ni mchicha uliolala," akasema Zaituni. "Hili ni mchicha wa sasa hivi."

Bi Mwanamvua akasugua mara ya pili. Zaituni akaleta vikopo vya rangi ya magari: kijani, nyeusi, manjano. Akachanganya, akajaribia kwenye kifuniko cha ndoo kuukuu, akakipeleka juani, akakipeleka kivulini, akakileta ubavuni mwa gari, akarudi. Akaongeza rangi kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tone kwa tone. Kuelekea alasiri akafungua kikopo cha nne, akachovya kwenye nyekundu.

"Nyekundu kwenye kijani?" Hemedi akashtuka. "Unaniharibia!"

"Jua likiramba kijani huacha wekundu kidogo. Huuoni. Lakini wekundu huo usipokuwepo utajua pana kitu hakipo."

Akakiweka kifuniko juu ya boneti. Hemedi akakitafuta asikione mpaka alipokigusa.

Alhamisi Hemedi akaazima bunduki ya rangi na mashine yake ya upepo, kwa kuwa rangi ya kuchanganya haiingii kwenye kopo la kupuliza. Akasogea karibu mno, akapuliza nyingi mno, tena kwa hasira. Rangi ikatiririka michirizi mpaka chini, kava likafanana na bi harusi aliyelia na wanja.

Bi Mwanamvua akalivuta kwake, akasugua mara ya tatu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, hakusema. Zaituni akachanganya upya, maana kopo lake la kwanza lilikwisha, naye hakusema. Ila Hemedi alisema. Alipiga ndoo teke, akasimama katikati ya ua, majirani wote madirishani, akapaza sauti:

"Wallahi, mkono utakaolirudisha kava hili lilivyokuwa, mwenye mkono huo ndiye nitakayemfungulia mlango wa mbele, kutoka hapa mpaka Pangani!"

Ijumaa baada ya swala, akainamisha kichwa, akalibeba kava na kopo la Zaituni garini mpaka barabara ya ishirini. Fundi Sengasu akalipitisha kiganja.

"Nani kaliosha?"

"Mama."

Akafungua kopo, akalitazama, akalitazama gari. Nyusi zikapanda. "Nani kachanganya?"

"Mke wangu."

Fundi akalifunga kopo. Kisha, kwa mtu asiye na maneno, akatoa mengi: "Zile wiki tatu ni za kuosha, kusugua na kutafuta rangi. Kupuliza ni nusu saa. Lete. Na kiapo chako nimekisikia. Huku kwetu kilifika kabla ya magharibi."

Akapuliza kwanza ile ya kushikia plastiki, nyembamba. Akangoja. Akapuliza ya Zaituni, nyembamba vile vile, unaona kama hajapuliza kitu. Akangoja. Mara tatu hivyo. Mwisho ya kung'arisha, mkono unapita na kurudi kama anamfukuzia nzi mtoto aliyelala. Kava likawa kama lililotoka kiwandani, likakaa juani miaka kumi na moja pamoja na gari lake, na halikuguswa na ukuta hata siku moja.

Jumamosi asubuhi magari manane yalijipanga barabara ya kumi na tano. Hemedi akaingia kwenye usukani, akawasha. Alipogeuza macho kushoto, akaona watu watatu wamesimama mlango wa mbele.

Bi Mwanamvua alikuwa amefukizwa udi, buibui jipya, miwani ya jua ya kuazima. "Fungua, baba. Nimelisugua mara tatu. Bila vidole hivi rangi ingebanduka hata mjini hatujatoka."

Zaituni, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, hakwenda mlango wa nyuma. "Kweli, mama. Lakini ulipolisugua likashika, watu waliuliza limeazimwa kwa nani. Kiapo kilisema lirudi lilivyokuwa. Lilivyokuwa ni rangi, na rangi ni yangu."

Fundi Sengasu alikuwa na kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono. Akasalimu kwa nyusi. "Kabla yangu ilikuwa plastiki iliyosuguliwa na kopo la rangi."

"Nusu saa tu!" akasema Bi Mwanamvua.

"Nusu saa, Bi Mkubwa, na miaka ishirini na sita ya kuharibu vya watu mpaka nikajua. Na mashemeji zangu wa Pangani wanaamini napaka mageti."

Nyuma honi zikaanza. Zaituni akamsogelea mkwewe sikioni.

"Mama, Jumapili ile nilikuwa dirishani. Niliiona shingo yako ilikogeukia."

Bi Mwanamvua akahisi udi wote umemwishia mwilini. "Na hukumwambia mumeo?"

"Sikumwambia. Siku sita najizuia kukuuliza. Mama, nani aliyetoka mle ndani?"

Bi Mwanamvua alibana midomo ili asicheke, akashindwa upande mmoja. Habari yenyewe ilikuwa tamu, na siku sita hizo hakupata mtu wa kumpa. Tena habari ya namna ile haisemwi mmoja yuko mbele na mwenzake nyuma, dereva anasikiliza. Inataka watu wawili wakae kiti cha nyuma, bega kwa bega, mdomo karibu na sikio. Kwa muda mfupi sana mguu wake ulitaka kuelekea nyuma wenyewe.

Kisha akaliona baraza la Pangani. Akamwona Bi Tunu kanyoosha shingo. Mguu ukarudi mahali pake, akaiweka sawa miwani ya kuazima.

"Hemedi," akasema, "fungua."

"Hemedi," akasema Zaituni.

Fundi alilitazama kava lake, kisha akamtazama Hemedi.

Sasa asitokee mtu hapa akasema wapokezane njiani. Baraza la Bi Tunu liko mahali pamoja tu, mashemeji wa Fundi watakuwa mlangoni pa harusi, na Zaituni miaka saba haikatwi vipande. Wala asiseme mtu wabanane wawili; hamjamwona Bi Mwanamvua kwa nyuma. Na Hemedi kaapa kwa jina la Mungu, madirisha yote yanasikia.

Basi ndiyo hivyo. Honi zinalia, injini inanguruma, mlango haufunguki kwa nje. Hemedi amejinyoosha, mkono uko kwenye kitasa cha ndani, na akishafungua lazima ataje jina la wa kuingia.

Wewe uliyemaliza kashata, ungekuwa ndiye Hemedi, ungemwita nani?