Mrisho na Utambi Safi

Fundi mmoja wa Nzega alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, na hakuwa na ndugu mwingine. Fundi aliitwa Mrisho, mdogo aliitwa Sudi. Wazazi wao walipokufa walimwachia Mrisho neno moja tu, kwamba amtunze Sudi, naye alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Kazi ya Mrisho ilikuwa kufufua sigara za mvuke, hizi za betri ambazo watu wanavuta siku hizi. Ndani yake mna waya mwembamba uliosokotwa kama springi, na katikati ya waya hupita utambi. Utambi hunywa juisi yenye ladha, waya hupata moto, juisi hugeuka mvuke, mtu huvuta. Utambi ukiungua, sigara hunuka na kuwasha koo, na wengi huitupa. Mrisho aliifungua, akautoa utambi ulioungua, akatia mwingine.

Kwenye kuchagua utambi Mrisho hakuwa na mchezo. Alijaribu tambi za jiko la mafuta ya taa, akaona zinanuka. Akajaribu sufi ya mto, ikaelea juu ya juisi isinywe hata tone. Nyuzi za godoro ziliyeyuka. Pamba ya duka la dawa ilikuwa na harufu ya hospitali, akasema hii hapana. Mwisho akapanda basi mpaka Igunga kwa wakulima, akanunua pamba ikiwa bado na mbegu zake. Aliichambua kwa vidole, akaichemsha kwa magadi ili itoke mafuta yake ya shambani, akaisuuza hadi maji yakawa maangavu, akaianika chini ya chandarua, asije mbu akaiangukia. Ukiukaza utambi kwenye waya haunywi, ukiulegeza unavuja. Yeye alijua pa kukomea, tena alipajua kwa ncha za vidole bila kutazama. Watu walitoka mpaka Tabora mjini kuufuata utambi wake.

Na juisi je? Juisi aliletewa na mtu wa lori, ndani ya dumu la njano lisilo na maandishi yoyote. Ilinukia embe. Mrisho aliinusa, akaimimina. Hakuuliza imepikwa wapi, wala na nani, wala kwa kitu gani. Ndugu zangu, mtu aliyeogopa mguu wa mbu kwenye pamba hakuliogopa dumu zima.

Sudi alikuwa muuza maziwa. Kila asubuhi alibeba madebe mawili kwenye baiskeli akazunguka vijiji vitatu, na alikuwa mvutaji mkubwa wa tumbaku. Mrisho akamhurumia. Akamtengenezea sigara ya mvuke kwa mkono wake, akampa akisema aachane na moshi. Sudi akaacha tumbaku kweli, na Mrisho alifurahi siku ile kama aliyelilipa deni la wazazi wake walio mbinguni.

Hazikupita mvua mbili, Sudi akaanza kushuka kwenye baiskeli kila penye mwinuko. Baadaye akawa anaisukuma hata penye tambarare. Kikohozi kikamkaa kifuani, kikavu, kisichotoa kitu. Mrisho alikisikia. Akasema moja kwa moja: utambi. Akarudi Igunga, akachagua pamba ya mkulima mwingine, ndefu zaidi, akaichemsha mara tatu badala ya mbili. Sudi akakohoa. Akachemsha mara nne.

Mke wa Sudi aliitwa Tatu, mwanamke mpole asiye na maneno mengi. Siku moja alimkuta shemeji yake ameinamia sahani, anapima pamba ipi inapandisha juisi haraka kuliko nyingine.

"Shemeji," alisema, "kila siku pamba, pamba. Hicho kinachonywewa na hiyo pamba, wewe unakijua?"

"Si kinanukia embe? Nzega nzima wanavuta hichohicho."

"Sikukuuliza kinanukia nini."

Mrisho alitia pamba masikioni, na pamba alikuwa nayo ya kutosha. Msimwone mpumbavu. Alikuwa na hofu. Utambi alikuwa anauweza: kosa likiwa la utambi, angelirekebisha kabla ya adhuhuri. Lakini kosa likiwa la juisi, basi aliyeimimina ni yeye, kwa mkono wake, kifuani mwa mdogo wake, na kosa la namna hiyo hakuwa na koleo la kulishikia. Mtu huupenda ugonjwa ambao dawa yake anayo.

Basi akazidi kuutengeneza utambi, na utambi ukazidi kuwa mwema. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Utambi mbovu ungeungua mapema, ungemwasha Sudi koo, ungemkera, na pengine angeitupa ile sigara jalalani akapona. Utambi wa Mrisho haukumkera hata siku moja. Ulipandisha kila tone ulilopewa, haukubakiza, haukuchuja, haukuuliza. Kadiri Mrisho alivyompenda mdogo wake, ndivyo kile kitu kilivyomfikia vizuri.

Walimpeleka Sudi hospitali amelazwa nyuma ya pikipiki ya matairi matatu, kichwa mapajani mwa Tatu. Daktari alimsikiliza kifua, kisha akamwambia Mrisho akimbie nyumbani amletee kile alichokuwa anakivuta mgonjwa. Mrisho alikimbia kweli. Akarudi anahema, akaweka juu ya meza kifurushi cha kitambaa cheupe, na ndani yake pamba. Hakufanya hila. Aliulizwa kitu cha Sudi, akaleta kile alichokihangaikia mchana kutwa kwa miaka miwili, na hakikumjia kingine akilini. Daktari aliigeuza ile pamba, akamtazama, akamwuliza kwa upole yako wapi maji yenyewe.

Akakimbia tena. Dumu lilikuwa tupu, na ndani ya sigara yenyewe utambi ulikuwa umeshalinywa hata tone la mwisho. Lori lilikuwa limeshapita, na jina la mwenye lori hakuna aliyelijua, Mrisho akiwa wa kwanza wao. Daktari akabaki anabahatisha, na mgonjwa hana siku za kubahatisha. Sudi alikufa Alhamisi kabla ya adhuhuri. Mrisho alilia mpaka watu wazima wakatoka nje kumpisha.

Mwosha maiti alipofika aliomba kafuri na pamba. Kafuri ilikuwapo. Kwa pamba, watu wote waligeuka kumtazama Mrisho. Aliinuka, akaingia chumbani, akalitoa fungu bora alilokuwa nalo. Halafu akaketi mkekani akaanza kulichambua. Alitoa kijiti ambacho hakuna jicho jingine lingekiona, akatoa kingine, akaipeleka pamba kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha. Nje watu wanangoja, maji ya kuoshea yanapoa, naye anachambua. Mwosha maiti akaja mpaka mlangoni, mikono ingali imelowa.

"Lete hivyohivyo, Mrisho," alisema. "Huyu havuti tena."

Mrisho aliitoa. Haikuwa na doa, na kila mtu aliliona hilo, na hakuna aliyemsifu.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaosugua vikombe vya watoto wenu mpaka vikang'aa: mnawamiminia nini?