Kamba ya Mtamba wa Mkanyika

Hapo zamani, si ile ya mababu, ni hii ya juzijuzi ambapo vidonge vilikwisha kupanda hadi milima ya Taita, mjane Mkanyika alitibiwa kidonda cha mguu kwa vidonge vya antibiotiki, dawa ya kuua vijidudu. Kidonda kikapona. Kisha tumbo likaanza kumwendesha.

Hakumwambia mtu. Aliona haya, tena mkaidi yule mama! Akawaza: dawa iliyoponya mguu itashindwaje na tumbo? Akawa anameza vidonge vilivyobaki kimyakimya, na kila akimeza anazidi kuhara, mpaka akashindwa kuinuka. Hapo akaogopa kufa. Akasema atakayemwinua kitandani atapewa mtamba wake, ng'ombe pekee aliyebaki naye.

Binti yake Wakesho akausahau usingizi, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko.

Hospitali wakataka choo kipimwe. Akakipeleka Mwakio, mume wa Wakesho, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kula mbele ya mkwewe. Alikibeba ndani ya kopo mchana kweupe, kijiji kizima kikimcheka.

Mghoi, mke mwenza wa Mkanyika, ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu matanga ya mume wao, alimwona mgonjwa kupitia dirishani akimeza kitu. Akaingia bila hodi, akapekua chini ya mto, akavichukua vidonge na kuvipeleka hospitali. Mkanyika akamwita mwizi mbele za watu.

Tabibu akatazama vidonge, akatazama majibu ya kipimo, akaelewa. Antibiotiki zilikuwa zimeua hata vijidudu vyema vya tumboni, kimoja kibaya kikabaki kikitamba. Akavikataza vidonge vile, akatoa dawa ya kukiua hicho hicho, na kuagiza kila anayemhudumia anawe kwa sabuni. Mkanyika akapona.

Akamtoa mtamba zizini, kamba mkononi, akawaita wote watatu.

"Mama, bila maji yangu ungekauka kabla dawa haijafika," akasema Wakesho.

Mwakio akasema akiwa ametazama pembeni, kwa heshima: "Bila kopo lile, mama, wangekutibu kwa kubahatisha. Na mimi mpaka leo naitwa Kopo."

Mghoi hakumkaribia mtamba. "Nilikunyang'anya kilichokuwa kikikuua," akasema. "Jina la mwizi hujanifutia bado."

Mkanyika akaona haya kuliko alipokuwa akihara. Kamba ni moja, na ng'ombe akigawanywa ni nyama.

Haya, ninyi mliokaa kimya mkinisikiliza, kamba ile ampe nani? Je, nani alistahili?