Nyumba ya Chiku Haijajaa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Shuleni kwa wanyama!

Haya. Anayesinzia asogee mbele nimwone, maana hadithi hii inaniuma na sitaki kuirudia.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao. Mwalimu wa hesabu alikuwa Kanga, mweusi tii, hana doa hata moja. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili: watoto wa Sungura, wa Ngiri, wa Digidigi na wengineo. Mdogo kuliko wote alikuwa Chiku, binti wa Pimbi, mwenye miguu mifupi na sauti ndogo.

Kanga hakufundisha kuzidisha kwa ubao. Aliwapeleka uwanjani wakimbie huku na huko, kisha akapaza sauti, "Nyumba za watatu!" Hapo watoto walishikana mikono watatu watatu, kila kundi nyumba yake. Naye akaimba:

"Nyumba ngapi?"

"Nne!"

"Kila nyumba wangapi?"

"Watatu!"

"Jumla yetu?"

"Kumi na wawili!"

Chiku alikuwa wa mwisho siku zote. Wenzake walimwita, "Chiku! Nyumba yetu haijajaa!" Naye alikuja mbio, anahema, anacheka. Bila yeye hesabu haikukamilika, na hilo alilijua vizuri.

Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa Nyani, na Nyani hakupenda vicheko. Mara ya kwanza alikohoa tu. Mara ya pili alimwita Kanga pembeni. "Mwalimu, hapa ni shuleni, si ngomani." Mara ya tatu hakumwita. Alimpeleka kulinda shamba la mtama, akashika fimbo mwenyewe.

"Kaeni! Semeni! Tatu mara moja?"

"Tatu!"

"Tatu mara nne?"

"Kumi na mbili!"

Waliimba asubuhi, waliimba jioni. Nyani akavimba kichwa. "Mnaona? Wamejua!" Wamejua nini, jamani? Walijua kuimba.

Kiangazi kikaingia. Siku moja moto ukashika nyasi, ukaja shuleni unanguruma. Watoto wakatimua mbio, wakavuka kijito. Ng'ambo, Nyani akawapanga mstari ahesabu. Mara ya kwanza alipata kumi na watatu. Walikuwa wanakohoa na kusukumana, akaanza upya. Mara ya pili alipata kumi. Mara ya tatu alichoka. Akauliza, "Watoto! Tatu mara nne?"

"Kumi na mbili!" wakaitikia wote.

"Basi tumetimia," akasema Nyani, akakaa chini.

Kanga alikuja mbio kutoka shambani. "Wametimia, Mwalimu Mkuu?"

"Wametimia. Wenyewe wamesema."

Kanga hakuridhika. Akapaza sauti, "Nyumba za watatu!"

Watoto wakashikana upesi. Nyumba ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu ikajaa. Ya nne walisimama wawili, mkono mmoja wameunyoosha hewani.

"Chiku!" wakaita. "Nyumba yetu haijajaa!"

Kimya. Wakaita tena. Kimya.

Kanga akavuka kijito, akakimbilia motoni. Nyani naye akamfuata, analia, "Nilihesabu mimi! Nilihesabu!" Walimkuta Chiku kwenye ufa wa jiwe. Moto haukumgusa, ila moshi ulikuwa umemmaliza. Kama wangegundua mapema kwamba hayupo, wangemwahi. Hilo ndilo lililomvunja Nyani, na mimi hunivunja kila ninapolifikia.

Kanga alimbeba katikati ya majivu, yakamrukia mwili mzima, hayakutoka tena. Mkiona madoa yake, ndiyo hayo. Mkimsikia akilia vichakani, anaita nyumba zijae. Na mkiona kundi la nyani linavuka njia, mtazameni yule mkubwa. Hukaa pembeni, hasogei mpaka mdogo wa mwisho apite. Amejifunza, lakini amechelewa.

Nanyi wanangu, na ninyi wazazi mnaojifanya hamsikii, mtoto akihesabu kwa kucheza msimnyamazishe. Anayejua namba kwa mdomo tu hajui nani hayupo.

Hadithi nimeiacha hapa ukingoni. Anayeichukua aivushe, lakini kwanza awatazame wenzake.