Siku Fisi Alipokimbilia Bondeni

Hadithi, hadithi!

— Itoe, bibi!

Ninayo ya mafuta, na ninayo kavu.

— Ya mafuta!

Ya mafuta kaila Fisi. Kaeni vizuri mtafune kavu.

Hapo kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, wanyama wa bara hili walikuwa na kazi moja kubwa: kutazama. Korongo alitazama milima. Chura alitazama maji. Siafu walitazama udongo. Na Bi Pimbi, kiumbe mdogo asiye na mkia wala makuu, alikaa juu ya jabali lake katikati ya nchi akitazama kila kinachopita.

Aliyeona jambo alimpigia kelele jirani, jirani naye akampigia wa pili, hivyo hivyo mpaka habari ikafika mwisho wa nchi. Ubaya wake, habari ziligombana. Chura akisema kiangazi kimeingia, Korongo anasema wapi, kule juu maji tele. Siku moja wakakutana, wakakubaliana jambo la akili kabisa: atafutwe mmoja wa kuziunganisha habari zote. Mpaka hapo hawakukosea.

Kosa lilikuwa kumchagua Fisi.

"Mimi natembea nchi zote," Fisi aliwaambia. "Sina mpaka. Na sauti yangu si mnaijua?"

"Tunaijua!" wakaitikia, wakapiga makofi, pa! pa! pa!

Wakamwita Mkuu wa Habari za Bara. Mkuu akajitafutia pango la mlango mpana, akaweka sheria. Aletaye habari alete na mfupa. Na ni marufuku kumwambia jirani jambo ambalo Mkuu hajaliunganisha. Akawapanga bweha, watoto wa dada yake, kwenye kila kivuko cha mto, wamng'ate atakayepita na habari mdomoni.

Basi mwaka huo mto ukapungua, ukapungua, ukabaki uzi. Huko bondeni nyasi changa zikaota pale pale palipokuwa maji, na wanyama wakashuka kula. Mashavu naye akashuka, binti wa pekee wa Bi Pimbi, aliyeolewa huko. Akahamia kwenye mawe ya katikati ya mto na vitoto vyake vichanga, ambavyo bibi yao alikuwa hajaviona. Akamtumia mama yake salamu: "Huku raha, mama. Majani mororo. Njoo uwabebe wajukuu."

Bi Pimbi akajiandaa kwenda. Lakini kwanza alikuwa na habari yake ya kupeleka, maana sheria ni sheria. Akachukua mfupa wa kanga, akajiunga na foleni mbele ya pango.

Korongo akaingia. "Mkuu, kule juu mlima umeporomoka, umeziba mto. Nyuma yake limezaliwa ziwa jipya, zuri hilo!"

"Leta mfupa, nenda nyumbani. Bado naunganisha."

Chura akaingia. "Mkuu, mto umekauka. Nakalia matope, tope-tope, tope-tope!"

"Leta mfupa, nenda nyumbani. Bado naunganisha."

Siafu wakaingia. "Mkuu, udongo chini ya lile poromoko unatoka jasho. Sisi tumeshahamisha mayai." Maskini, mfupa hawakuwa nao, walileta paja la panzi.

Fisi akalila. "Nendeni nyumbani. Bado naunganisha."

Mnaijua foleni nyie. Foleni ikikaa sana, watu huongea. Bi Pimbi aliongea na Korongo, akaongea na Chura, akawauliza Siafu. Habari yake mwenyewe ilikuwa ndogo tu: huko juu mawe yanalia, ta! ta! ta! Akaliweka ziwa pale. Akaweka matope pale. Akaweka jasho la udongo na kilio cha mawe. Akaziunganisha.

"Lile ziwa linakuja," akasema.

Tena akaelewa jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Fisi alikuwa nazo habari zote. Alishaunganisha zamani. Alikuwa anasubiri bonde lizame ateremke kula.

Afanyeje? Akipiga kelele, bweha watamrarua. Akikimbia, miguu yake na yale maji, nani atatangulia? Akalia kidogo, haoni aibu, mama ni mama. Kisha akajifuta, akaingia pangoni kwa upole.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Habari yako?"

"Sina habari, Mkuu. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya karamu iliyokupita. Tai wameshatua bondeni. Nasikia mashemeji zako wa kusini wanachagua minofu."

Fisi akaruka, dungu! kichwa kikagonga dari ya pango. "Haiwezekani! Maji bado haya—"

Akauuma ulimi.

"Maji gani, Mkuu?"

"Maji ya kunywa! Toka hapa!"

Lakini mate yalikuwa yameshaanza, chururu, chururu. Fisi na subira wapi na wapi. Akatoka mbio, paka-paka-paka, na bweha wote wakaacha vivuko wakamfuata mjomba. Na Fisi akikimbilia chakula hawezi kunyamaza: "Uuu-wi! Hi-hi-hi! Uuu-wi!"

Ndicho alichotaka Bi Pimbi. Sauti ya Fisi ingefika kila bonde, na safari hii ingesema kweli.

Nyati akainua kichwa. "Fisi anakimbilia wapi?"

"Chini."

"Fisi hakimbilii harusi. Sisi twende juu." Wakapanda.

Swala akasimamisha masikio. "Fisi anakimbilia wapi?"

"Chini."

"Fisi hakimbilii harusi. Sisi twende juu." Wakapanda.

Ngiri naye akauliza, akajibiwa, akapanda na mkia wake wima. Hata Kobe alipanda, akisukumwa na wajukuu.

Fisi akafika chini kabisa. Hakuna tai. Hakuna shemeji. Kuna nyasi tupu. Akakaa na bweha wake, akafungua mdomo, akasubiri. Na huko juu mlima ukaachia. Ta! Guuu-duduuu! Alifungua mdomo kwa ajili ya nyama, ukajaa tope, na hapo ndipo Mkuu wa Habari alipoishia.

— Vizuri! Kajitakia!

Ngojeni. Mnashangilia upesi.

Maji yalipotulia Bi Pimbi akashuka, anakimbia anaanguka, anakimbia anaanguka. Kwenye mteremko juu ya bonde akakuta umati. Wakamkumbatia. Nyati wapo, Swala wapo, Kobe yupo na wajukuu.

"Mashavu yuko wapi?" akauliza.

Nyati akatazama kwato zake. Swala akatazama pembeni. Ngiri ndiye aliyesema, maana walikuwa majirani.

"Mama, nilipita kwake. Nikamwita, 'Mashavu, panda!' Alikuwa ameshamsikia Fisi. Akanijibu kutoka ndani ya jiwe: 'Mama yangu kanifundisha. Ukimsikia Fisi, ingia jiweni, vuta watoto nyuma yako, usitoke hata uitwe na nani.' Nikamwita tena, mama. Hakutoka."

Bi Pimbi akakaa chini.

"Ni kweli," akasema. "Nilimfundisha hivyo. Na mimi nilifundishwa hivyo." Aliona kila kitu kutoka jabalini kwake, akawasemesha wote lugha waliyoielewa, ila mwanawe tu. Uchungu huo haukuisha, na mimi sitawadanganya kwamba uliisha.

Kesho yake wanyama wakakutana. Wakamsifu sana Bi Pimbi, wakamwekea kiti cha mbele, hakuja. Kisha wakasema pengo lisiachwe wazi, habari zisije zikagombana tena. Wakamchagua Mamba, kwa kuwa anaishi karibu na maji.

Nimeitua hapo mizigo yangu. Mwenye mabega aibebe.

— Na funzo, bibi?

Funzo mmelelewa nalo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mashavu alisikia. Walipomtoa kwenye tope, miguu yake yote ilikuwa mizima.