Bei ya Zamani kwa Simbi za Zamani

— Paukwa!
— Pakawa.
— Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!
— Pakawaaa!
— Simbi za huku?
— Mfukoni!
— Shanga za ng'ambo?
— Kikapuni!
— Na Fisi?
— Katikati!
— Katikati, ndiyo, palepale. Haya, tulieni. Na wewe unayemfinya mwenzako, nakuona.

Hapo kale wanyama wa upande huu wa mto walitumia simbi, vile vikauri vyeupe. Wa ng'ambo walitumia shanga nyekundu. Ukienda ng'ambo na simbi, hupati hata ganda la karanga. Katikati palikuwa na gogo la kuvukia, na juu ya gogo, kigodani, kaketi Fisi na vikapu vyake viwili. Yeye ndiye aliyebadili. Wote walimwita Mzee Chenji.

Ukivuka kwenda, unampa simbi. Anapaza sauti, "Bei ya leo! Simbi kumi, ushanga mmoja!"

Ukirudi umebakiwa na shanga, anapaza sauti, "Bei ya enzi za baba yangu! Ushanga mmoja, simbi moja!"

Ukinung'unika anacheka, khe-khe-khe, na anayecheka ana meno yale, basi unapokea unachopewa unakwenda zako.

Siku hiyo akaja Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, hana mkia, anaishi mapangoni kule juu ya mawe. Alikuwa amebeba kikapu cha simbi alizozihangaikia tangu mavuno, aende ng'ambo akanunue mbegu za ulezi. Mawingu yalikuwa yameshajaa. Mvua ikinyesha kabla hajapanda, wanawe wangekula nini? Mawe?

"Shikamoo, Mzee Chenji."

"Marahaba, mwanangu. Bei ya leo! Simbi kumi, ushanga mmoja!"

Pimbi akatazama kikapu chake. Kwa bei hiyo angepata mbegu za kujaza kiganja.

"Mzee wangu, nihurumie. Nipe basi ile ya enzi za baba yako."

"Khe-khe-khe! Bei ya zamani ni ya simbi za zamani, mwanangu. Zako ni za leo."

"Na enzi za babu yako ilikuwaje?"

Hapo Fisi akavimba. Hakuna alichokipenda kama kuulizwa historia. "Enzi za babu? Aah! Simbi ilikuwa simbi! Simbi moja, shanga tano!"

Pimbi akapangusa machozi. Akakaa kitako. "Ndiyo maana Bibi yangu bado anabadili kwa bei hiyo."

Fisi akaacha kucheka. "Bibi gani?"

"Bibi yangu, kule pangoni. Mzee sana, hatoki nje. Nani atamwambia kwamba bei imebadilika? Ana mtungi mzima wa shanga. Shida yake moja tu, kikapu kimoja hakipokei, anataka magunia. Nimekaa hapa nawangoja wenzangu tuchangishane."

Mate yakamtoka Fisi, cho-cho-cho, yakadondoka mtoni. Magunia? Akaruka kigodani. "Nanunua simbi! Ushanga mmoja kwa simbi kumi!"

Wanyama waliokuwa kwenye foleni wakamtazama Pimbi. Pimbi akakumbatia kikapu chake. "Mimi siuzi."

"Nasi hatuuzi," wakasema.

"Kwa simbi tano!"

"Hatuuzi."

"Moja kwa moja, kama enzi za baba!"

"Hatuuzi."

"Lahaula! Shanga mbili kwa simbi moja!"

Pimbi akapiga chafya, chya! "Basi, kwa kuwa ni wewe, Mzee."

Weee! Wakamwagika wote. Simbi zikaingia maguniani, chwa-chwa-chwa. Shanga zikatoka kikapuni, chwa-chwa-chwa, hadi ule wa mwisho. Fisi akajitwisha magunia, akapanda mlima, tifu, tifu, tifu, ulimi nje. Pimbi naye akavuka gogo, akanunua mbegu gunia zima, na shanga zikabaki.

Kule pangoni Bibi Pimbi alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, Bibi! Nimeleta simbi! Simbi moja, shanga tano, si ndiyo?"

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu, bei yangu ni hiyohiyo." Bibi akachukua simbi moja, akaing'ata. "Hizi za lini?"

"Za leo, Bibi! Mpyaaa!"

"Basi hapo umepotea njia. Bei ya zamani ni ya simbi za zamani. Za leo wapelekee wa bei ya leo. Yuko mmoja pale kwenye gogo. Anapiga kelele hadi huku juu zinafika." Akarudia mchicha wake.

Fisi akashuka mlima, tifu-tifu-tifu-tifu! Shanga hana hata mmoja, na mifupa yote mizuri inauzwa ng'ambo. Kufika kwenye gogo, kigodani kuna mtu. Kadogo. Hana mkia. Ana gunia la mbegu na kikapu cha shanga.

"We! Nibadilishie simbi zangu! Bei gani?"

Pimbi akamkaribisha kwa heshima zote. "Bei ya lini, Mzee wangu?"

Ulezi uliota mwaka ule, watoto wakala wakasaza.

Hadithi nimeiacha palepale kwenye gogo, anayeitaka akabadilishe. Na funzo lake, watoto, ni kwamba uongo ni mbaya sana. Mtazameni Pimbi: alidanganya mara moja tu, na hadi leo anahangaika na ghala lisilofungika kwa ulezi. Haya, kalaleni. Na huyo aliyeniahidi karanga, nazitaka kwa bei ya jana.